Nina lenzi za Canon: nihamie Sony au nisubiri toleo jipya?

SWALI: Napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanza. Nina Canon 6D Mark II, lenzi za EF 24-70mm f/2.8L II, 70-200mm f/2.8L IS II na 85mm f/1.8, pamoja na flashi mbili za 600EX-RT. Maharusi wakiingia ukumbini, fokasi inashika nywele au mapambo ya nyuma badala ya macho. Wenzangu wamehamia Sony A7 IV na wananishauri niuze vyote. Wengine wanasema nisubiri, Canon watatoa kitu kipya. Nifanyeje?

JIBU: Lenzi usiuze. Kasoro uliyoieleza iko kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na katika mzigo wote ulio nao, bodi ndiyo unayoweza kubadilisha bila kubomoa vingine.

6D Mark II ya mwaka 2017 ina pointi 45 za fokasi, zote zimerundikana katikati ya fremu. Ukiwapiga maharusi wima, kichwa hadi miguu, nyuso zinaangukia nje ya pointi hizo. Unalazimika kufunga fokasi katikati kisha kuinua kamera, na wakati huo wao wanatembea. Kwa 85mm kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 6 tu. Nusu hatua ya bibi harusi inatosha kuimaliza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Funga kamera kwenye tripodi, simamisha kitu chenye maandishi makubwa, na kando yake laza rula kwa mshazari wa nyuzi 45. Kaa umbali wa mara 50 ya urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya mm). Kwa 85mm ni mita 4.25. Tumia pointi ya katikati, hali ya One Shot (fokasi inashika mara moja na kutulia), f/1.8. Piga picha 6, na kabla ya kila moja zungusha pete ya fokasi hadi mwisho ili kamera itafute upya. Zikikosea zote upande uleule, ingia kwenye menyu ya AF Microadjustment, inayosahihisha fokasi mbele au nyuma, sogeza hatua 3 hadi 5, rudia. Zikitawanyika, moja mbele, nyingine nyuma, marekebisho hayatasaidia. Hapo umefika mwisho wa uwezo wa bodi hiyo.

Sasa suala la kuhama. Lenzi ya EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, na kamera za RF, yaani Canon mpya zisizo na kioo cha kuakisi, zina milimita 20. Adapta ya EF-EOS R ni bomba la milimita 24 lenye miguso ya umeme. Haina kioo cha lenzi ndani, kwa hiyo haipunguzi ubora wa picha, na lenzi zako tatu zitafokasi kama kawaida, hata kitulizaji cha mtikisiko cha 70-200mm kitafanya kazi. Kwenye Sony, adapta ya EF inatafsiri mawasiliano ya kampuni mbili zisizoelewana. Kwa mtu aliyesimama utaridhika, lakini akianza kucheza kwaito, fokasi huanza kuhangaika mbele na nyuma. Ndiyo maana kuhamia Sony kwa kweli ni kununua lenzi upya.

Piga hesabu kwa bei za uzinduzi za Marekani, kwa kuwa za madukani kwetu hupanda na kushuka. Canon R6 Mark II, kamera ya RF, ilitoka kwa dola 2,499 na adapta dola 99: jumla 2,598. Sony A7 IV nayo ilitoka kwa dola 2,499. Ongeza Tamron 28-75mm f/2.8 G2 dola 899 na Tamron 70-180mm f/2.8 G2 dola 1,299, unafika 4,697, na mbadala wa 85mm bado. Flashi zako huko hazitapima mwanga zenyewe, kwa hiyo nazo zinakwenda sokoni. Utauza vya zamani, sawa, lakini utauza wakati wengi wanauza lenzi za EF, na mnunuzi analijua hilo.

Wenzako hawajakosea kwa upande wao. Sony imewafungulia milango Tamron na Sigma, ilhali Canon imewabania kwenye lenzi za RF za sensa kubwa (full frame) zenye fokasi ya otomatiki. Anayeanza na lenzi moja tu iliyouzwa pamoja na kamera, Sony ni uamuzi mzuri kabisa. Wewe una lenzi tatu nzuri.

Kuhusu kusubiri: toleo jipya litakuja tu, na baada yake jingine. R6 ilitoka 2020, R6 Mark II ikafuata 2022, na zote mbili zinafuata jicho la mtu karibu fremu nzima. Faida ya kweli ya kusubiri ni kwamba toleo la nyuma hushuka bei. Lakini 6D Mark II ina nafasi moja tu ya kadi, na hili linanitia wasiwasi kuliko fokasi. Kadi ikifa saa nne usiku, harusi ya watu haifungwi mara ya pili. R6 na R6 Mark II zina nafasi mbili. Rekodi kwenye zote kwa pamoja. Kwa hiyo nunua kabla ya msimu ujao: R6 Mark II, au R6 iliyotumika kama mfuko haujaruhusu. Canon R8 iache hata kama bei inavutia. Fokasi yake ni nzuri, ila ina kadi moja na betri ndogo. 6D Mark II ibaki kuwa kamera ya akiba.

Vifaa vingi hupitia Dubai, hivyo uliza garantii inahudumiwa nchi gani. Nenda dukani na 70-200mm yako na flashi zako, ujaribu kabla ya kulipa.

Betri zako za LP-E6N zitaingia, ila usitarajie hata nusu ya picha 1,200 zinazotajwa kwa 6D Mark II, beba nne. Weka shata ya mekanika au ya pazia la kwanza la kielektroniki. Ukiiacha kwenye elektroniki kamili, flashi haitawaka, na taa za LED zitachora mistari kwenye shela. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo pale usipotumia flashi, baki kwenye mwendo wa shata wa 1/100 au 1/50. Ukitumia triga ya flashi isiyo ya Canon na kitafutio unachochungulia kikawa giza, zima Exposure simulation, ile inayoonyesha mwanga wa picha kabla ya kupiga (kwenye R6 Mark II inaitwa Display simulation).