Pikapu mpya betri inaisha kila mara, pima kwanza kabla ya kununua nyingine

Mkuu pole sana, betri mbili mpya na bado asubuhi gari haiwaki, hapo ya tatu usinunue kwanza. Hizi pikapu za siku hizi nyingi alteneta haichaji muda wote kama za zamani, kompyuta ndo inaamua, kuna sensa ndogo kwenye waya hasi wa betri inahesabu umeme unaoingia na kutoka, sasa fundi akifunga traka (kifaa cha kufuatilia gari) au friji moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri sensa haioni huo umeme, kompyuta inajua betri imeshiba kumbe iko nusu. Waya hasi za hivyo vitu hamishia kwenye chasisi.

Alafu pima. Gari ikilala usiku mzima tesa (kipimo cha volti) ikisoma volti 12.6 kwenye betri uko vizuri, ikisoma 12.2 betri iko kama nusu. Tafuta fundi umeme mwenye mita ya ampea, funga milango, funguo weka mbali maana gari zingine zikisikia funguo karibu hazilali, subiri hata saa nzima, umeme ukizidi miliampea 50 kuna kitu kinakula, achomoe fyuzi moja moja mpaka ushuke. Mi ningeanza na traka, hizo zinasumbua sana aisee.

Na kama betri iliyokuja na gari ilikuwa AGM au EFB (aina za betri imara zaidi, huwa imeandikwa kwenye betri) usiweke ya kawaida, na ukifunga mpya mwambie fundi airiseti ile sensa ya betri kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.