Kokteli za nyumbani: ndimu, shira na barafu ya kutosha

Tangu niandike kwamba kokteli moja ya hotelini, ile ya bei ya kuku mzima, ndani yake ina ndimu moja na nusu, sukari na pombe ya kujaza kikombe cha kahawa, barua zimekuwa nyingi. Nimechagua zile zinazojirudia. Zile za kuniuliza nilifukuzwa kaunta ya baa gani nimeziweka pembeni. Sikufukuzwa, niliacha mwenyewe baada ya miaka kumi na miwili ya kulala alfajiri.

Shikamoo Anko. Nina chupa moja ya Konyagi na hamu tu. Sheka sina, vipimo sina. Nianzie wapi? (Kijana wa Sinza)

Marahaba. Umebakiza kununua ndimu. Chupa tupu ya jemu yenye kifuniko kinachobana ndiyo sheka yako, yaani chombo cha kutikisia. Kipimo kipo kabatini kwa mama: kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya mtoto, chenye mistari ya mililita. Kioshe vizuri. Chujio la chai litafanya kazi iliyobaki.

Sasa shika hesabu hii: Konyagi mililita 60, maji ya ndimu 25, shira 25. Shira ni ileile unayomwagia kaimati, ila nyepesi: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, pasha moto mpaka sukari ipotee, epua kabla haijaanza kunata. Ikipoa itie kwenye chupa safi, weka friji, utaitumia wiki mbili bila wasiwasi. Jaza barafu kwenye chupa yako ya jemu, mimina vyote vitatu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 15 hivi mpaka chupa ishike ukungu kwa nje na vidole vianze kulalamika. Chuja. Onja.

Ukiweka ramu badala ya Konyagi umepata daiquiri ya Cuba, iliyochukua jina la kijiji kilicho karibu na mji wa Santiago. Mifupa ni hiyohiyo: kikali, kichachu, kitamu. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, ndiyo maana nimekupa 60 kamili. Kwa vodka au ramu ya asilimia 40, mililita 50 zinatosha. Na ndimu iwe ndimu, si limao kubwa la njano. Limao ni pole mno kwa kazi hii, kinywaji kitalala.

Kila nikitengeneza inakuwa majimaji. Mume wangu anasema nipunguze barafu. (Dada wa Tabata)

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, ni kinyume chake. Ongeza.

Hili ndilo kosa ninaloliona kila nyumba ninayoalikwa. Mtu anaweka vipande vitatu vya barafu kwenye glasi ya moto iliyotoka kwenye sinki, juu yake anamwaga kinywaji cha joto la Dar. Vipande vitatu vinapigana na joto lote hilo peke yao, vinashindwa, vinakuwa maji. Vipande kumi na tano vinagawana kazi: kinywaji kinafika kwenye baridi upesi, na kikishafika huko barafu haina haraka ya kuyeyuka. Kwa hiyo jaza sheka mpaka juu, na kwenye glasi jaza tena barafu mpya. Ile uliyotikisia imeshachoka, itupe.

Lakini usiyaogope maji kabisa. Kinywaji kilichotikiswa vizuri huwa kimepokea maji ya barafu karibu robo ya ujazo wake, na bila hayo kinachoma koo na kuficha ladha. Ukitaka kujua, changanya vyote bila barafu, weka friji hadi vipoe, onja. Baridi itakuwepo, raha hutaiona.

Mambo mengine mawili. Barafu hushika harufu za jirani zake. Nimewahi kunywa kinywaji kizuri sana cha pasheni chenye harufu ya dagaa, na mwenye nyumba alikuwa ananitazama usoni akingoja sifa. Funika trei yako. Pili, tikisa kama kuna maji ya matunda. Kama ni pombe tupu, mfano negroni ambayo ni jini (gin), Campari (pombe nyekundu chungu) na vamuthi kwa vipimo sawa, koroga taratibu na kijiko kwenye barafu kwa nusu dakika. Kutikisa kunaingiza mapovu na kufanya kinywaji kiwe na ukungu, jambo linalopendeza kwenye ndimu na kuudhi kwenye negroni. Na hiyo vamuthi ni mvinyo, jamani. Ikifunguliwa inakaa friji, si juu ya kabati la televisheni.

Nipe dawa, ile ya glasi. Asali yangu huwa inaganda chini kama gundi. (Msomaji wa Nyali, Mombasa)

Dawa ni fahari yenu Wakenya, na mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa 1980, ndio uliofanya watalii warudi kwao wakiisimulia. Asili yake ni caipirinha ya Brazil: ndimu iliyopondwa na sukari, na pombe ya miwa. Huko Nairobi pombe ya miwa ikapisha vodka, asali ikaingia, na kijiti cha mbao kikawekwa kwenye asali ili mnywaji akoroge mwenyewe kadiri apendavyo.

Kwa hiyo kidogo asali yako inatakiwa ibaki chini. Kijiti ndicho kinachoamua. Kata ndimu moja vipande vinne, ponda kwenye glasi na kijiko cha sukari kwa mchi mdogo. Ponda ya kukamua, si ya kisamvu. Ukilisaga ganda linatoa uchungu. Jaza barafu iliyovunjwavunjwa, mimina vodka mililita 50, halafu chomeka kijiti kilichozungushiwa asali.

Kama unataka utamu uenee wote tangu mwanzo, usitumie asali yenyewe. Changanya vijiko viwili vya asali na kijiko kimoja cha maji ya moto, ikilegea ndiyo uimimine. Asali na barafu hazipatani hata siku moja.

Je, ukwaju unaweza kushika nafasi ya ndimu? Huku kwetu tunao wa kumwaga. (Mzee wa Pangani, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Unaweza, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hili ndilo swali nililokuwa nalingojea.

Uchachu wa ndimu ni mkali na unapita haraka: unaruka, unapiga, unaondoka. Wa ukwaju unatokana na asidi nyingine, ya tatariki, ileile iliyomo kwenye zabibu. Unakuja taratibu na kukaa, tena una mwili mzito na ladha ya matunda yaliyokauka. Ukiuweka mililita 25 kama ndimu na kutegemea matokeo yaleyale, utapata kitu kizito kisichoburudisha. Kwa hiyo mimi huongeza ukwaju, napunguza utamu, na naweka ndimu kidogo tu ya kuuamsha.

Loweka gramu 200 za ukwaju kwenye nusu lita ya maji ya moto kwa nusu saa. Vuruga kwa mkono, chuja mbegu na nyuzi. Upate rojo jepesi, linalomiminika. Kisha: Konyagi 60, ukwaju 45, shira 20, ndimu 10, chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Shira hiyo itengeneze kwa sukari guru badala ya nyeupe, maana sukari guru na ukwaju ni ndugu wa tumbo moja. Tikisa na barafu nyingi, chuja, twanga pilipili manga chembe mbili tatu juu yake. Chumvi usiiruke. Haifanyi kinywaji kiwe cha chumvi, inapunguza uchungu na kuusogeza utamu mbele, kama tunavyoitia kwenye embe bichi.

Ukiwa na tangawizi mbichi, ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba ndani ya sheka kabla ya yote. Rozela nayo inafaa kwa njia hiyohiyo: chemsha maji, zima moto, tia rozela kavu pamoja na karafuu tatu, acha dakika kumi, chuja. Rangi yake peke yake inauza. Pasheni mnaijua, sina la kuongeza, ila mbegu zichujwe. Hakuna anayependa kutafuna kokteli.

Ubuyu nimejaribu mara nyingi. Unga wake unaacha mchanga ulimini. Nimekata tamaa.

Mapishi ya mtandaoni yanadai bitazi. Chupa ndogo hivyo, bei kubwa hivyo! Naweza kutengeneza? (Msomaji wa Arusha)

Bitazi ni pombe kali iliyolowekwa viungo na maganda machungu. Ghali ni kweli, lakini unatumia matone mawili matatu, chupa inaweza kukaa zaidi ya mwaka. Na si mapambo. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilipoeleza mwaka 1806 kokteli ni kitu gani, lilitaja pombe kali, sukari, maji na bitazi. Bila bitazi, kwa wazee wale, hukuwa na kokteli. Ile maarufu ya Angostura ilianza 1824 kama dawa ya tumbo ya daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliyekuwa Venezuela kwenye mji ulioitwa hivyo. Leo mji unaitwa Ciudad Bolívar na kiwanda kiko Trinidad.

Ya kwako ifanye hivi: maganda ya machungwa mawili yaliyokauka, pamoja na ule utando mweupe kwa sababu ndio wenye uchungu, kijiti cha mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa, ndani ya mililita 200 za pombe kali kuliko zote uliyonayo. Siku tano gizani. Karafuu tia mbili tu siku ya mwisho, zitoe zikishakaa muda wa saa kumi na mbili. Mtu yeyote aliyetibiwa jino kwa karafuu anajua kwa nini. Haitakuwa Angostura. Itakuwa yako.

Kuna msomaji aliwahi kunitumia bitazi ya mwarobaini. Nashukuru kwa zawadi. Sikulala.

Povu la juu lazima liwe la yai bichi? Naogopa. (Morogoro)

Una haki ya kuogopa, yai bichi linaweza kubeba salmonela. Tumia maji ya nanasi lililokamuliwa sasa hivi, mililita 40, tikisa kwa nguvu zako zote. Linatoa povu zuri lenyewe. La boksi halitoi kitu cha maana.

Mjomba analeta gongo safi kutoka kijijini, anaijua aliyeipika. Si nafuu kuliko ya dukani? (Mwanza)

Hapana. Hapa sitanii hata kidogo. Gongo ya hivyo ni kosa kisheria, lakini hata sheria ingeruhusu ningekujibu hivihivi. Methanoli, ile pombe yenye sumu, huwezi kuiona, na ukishachanganya na tangawizi na ndimu hata pua ya mjomba haitaitambua. Kenya mwaka 2014 ilizika makumi ya watu ndani ya siku chache kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipona bila macho. Mtu akinywa kisha akaanza kuona ukungu, kutapika na kuumwa kichwa kupita kawaida, asilale "ili iishe". Hospitali, saa hiyohiyo. Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kodi, duka unalolifahamu.

Nina wageni 20 wa sendofu ya mdogo wangu, nusu ni wakwe ambao hawanywi. Sitaki kushinda jikoni natikisa. (Dada wa Mbezi)

Usitikise hata glasi moja. Tengeneza msingi usio na pombe kwa wote, kisha pombe iingie kwenye jagi moja tu, lililowekwa meza tofauti na lenye kibandiko kinachosomeka. Si jagi "linalofanana ila lina ua jekundu". Nimeona mkwe akikosea jagi. Maneno yake bado yanazunguka katika ukoo ule.

Msingi: maji ya ndimu mililita 500 (andaa ndimu 30 hadi 35, kamua siku hiyohiyo, maana kesho yake ladha imeshageuka), shira 500, rozela lita moja, mchaichai uliopondwa. Gawa mara mbili. Jagi la wakwe liongezee maji baridi lita moja, au maji ya madafu, na soda ya tangawizi wakati wa kumimina. Jagi la pili tia Konyagi mililita 600 na maji mililita 200 tu. Maji hayo ni ya lazima: hakuna kutikisa, kwa hiyo hakuna barafu ya kukuletea maji. Yote mawili yalale friji saa nne. Usiku wa kuamkia shughuli gandisha maji kwenye bakuli zima uwe na pande moja kubwa la barafu kwa kila jagi. Pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande.

Na ile bitazi ya jibu la juu isikaribie jagi la wakwe. Angostura ina asilimia 44.7 ya kilevi. Ni matone, ndiyo, lakini wao hawakukubaliana na matone.

Nilikamua ndimu nyingi tukiwa ufukweni Kigamboni. Baada ya siku mbili mikono imetoka malengelenge na madoa meusi. Shangazi anasema nimerogwa. (Temeke)

Pole sana mdogo wangu. Shangazi aache majirani wapumzike. Ganda na maji ya ndimu vina kemikali ambazo zikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua huiunguza, na huwa haionekani siku ileile, ndiyo maana hukuunganisha mambo. Wahudumu wa baa za ufukweni wanaijua vizuri. Malengelenge yakiwa makubwa au yanauma muone daktari, usiyapasue, na usipake ndimu tena eti ikatoe madoa. Madoa yanaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kisha yanafifia. Siku nyingine kamua ukiwa ndani, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndiyo utoke na jagi lako juani.