Nafanya yoga kwa mkeka wa ukili, je naweza kujiita mtu wa yoga?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo, Mombasa, miaka 34. Mwaka jana mgongo ulinikaza kwa kuinamia cherehani, nikaanza yoga kwa kufuata video kwa simu na sasa kila siku nikishaswali alfajiri natandika mkeka wangu wa ukili darini nafanya nusu saa, mgongo umelegea na hasira pia zimepungua. Shida ni watu. Nilienda darasa moja la yoga upande wa Nyali wakaniangalia na buibui langu kama nimepotea njia, na nyumbani mamangu asema hayo ni ibada za Wahindi. Nataka kusema mimi ni mtu wa yoga lakini naona kama najipachika kisicho changu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe waitwa fundi kwa sababu cherehani yaenda kila siku, hakuna aliyekuuliza una duka la kioo ama huna, basi na yoga ni vivyo hivyo, mwaka mzima wa kuamka na kutandika mkeka hiyo ndiyo haki yako na hao waliokukodolea macho hawana la kukupa wala la kukunyima. Mimi mwenyewe nafanya kwa mkeka wa ukili, viganja vikitoka hapo vina alama za msuko mpaka saa moja asubuhi, na nikiziona nafurahi.

Tena usione haya mwili ukikataa. B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu waliotambulika sana duniani, utotoni aliugua malaria, taifodi na kifua kikuu, akaja kufundisha watu kwa viti, mikanda na kamba ili kila mtu afike anapoweza. Kama vidole vyako haviwezi kugusa miguu, kunja leso iwe kama mkanda, ipitishe nyuma ya nyayo, shika ncha mbili, vuta taratibu huku mgongo umenyooka. Ukisikia maumivu makali ya kuchoma acha hapo hapo, na kusimama kwa kichwa usijifunze kwa video, shingo si ya kubahatisha.

Sasa la mamako, na hili ni zito, tusilipite tu. Yeye hajakosea kusema imetoka India. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake ni kuunganisha, kama vile ng'ombe wafungwavyo nira, na katika mafunzo ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, kuna hatua 8, yale mapozi unayoyaona kwa simu ni hatua moja tu, na kabla yake kuna kutodhuru mtu, kusema kweli, kutoiba. Kwa hivyo usimwambie mamako eti ni kujinyoosha tu haina kwao, ina kwao, na wenyewe waheshimiwe. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa India mwaka 2016.

Lakini maulamaa wenyewe hawakusema neno moja. Malaysia mwaka 2008 baraza lao la fatwa lilisema haifai, Indonesia mwaka 2009 wakasema yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada ya Kihindu ni haramu ila ya mazoezi matupu haina neno, na Saudia mwaka 2017 serikali ikaikubali kama michezo. Mie naona uende kwa sheikh unayemwamini umueleze unachofanya hasa, yaani nakunja mgongo hivi, navuta pumzi hivi, mantra sisomi, usiende na neno yoga peke yake manake kila mtu hulisikia kivyake. Jibu lake umpelekee mamako.

Na mamako mwenyewe magoti yake vipi? Siku moja baada ya chai muweke kitini, nyayo chini, mabega yashuke, avute pumzi kwa pua taratibu na kuitoa taratibu mara kumi, wewe kaa karibu naye ufanye vile vile. Jina la kitu msilitaje siku hiyo.

Halafu hizo dakika tano za mwisho za kulala chali usizikate, najua wateja wanaanza kugonga mapema, wacha wagonge.