Wageni wa Mradi Wanakuja Shuleni Kwako? Usiazime Madawati

Juzi jioni nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana aliyeteuliwa mwaka jana kuwa mwalimu mkuu huko Manyoni. "Shikamoo mwalimu. Wafadhili wanakuja mwezi ujao kuangalia madarasa waliyochangia. Nimeambiwa nijiandae. Nijiandae vipi?"

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa ili na wengine wasome, maana sisi tunaoongoza shule za vijijini haja yetu ni moja: mgeni aondoke akitaka kurudi. Mimi niliwahi kumuaga mgeni akiwa na furaha tele, na hakurudi tena.

Ilikuwa 2017. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari 2016, baada ya ule Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na darasa la kwanza likafurika kote nchini. Shule yangu, kijijini mkoani Dodoma, ilikuwa na watoto 435 na madawati 61. Hata ukibananisha watatu watatu, zaidi ya nusu walikaa chini na kuandikia mapajani. Shirika moja la hisani kutoka Uingereza lilitusaidia kukamilisha madarasa mawili: wananchi walisomba mawe na mchanga, wakapandisha boma hadi kwenye lenta, shirika likaleta mbao, bati na saruji ya sakafu. Awamu ya pili ilikuwa ya madawati. Kabla ya hapo, wachangiaji wenyewe, watu 9, wakaomba kuja kujionea.

Wiki moja kabla ya ziara alifika kiongozi mmoja aliyekuwa juu yangu. Akachungulia darasa la pili, akaona watoto sakafuni, akasema, "Mwalimu, utatuaibisha." Akaelekeza tuazime madawati shule ya jirani. Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Madawati 80 yaliletwa kwa tela la trekta saa nne usiku. Kila moja lilikuwa na herufi za shule ya jirani ubavuni, kwa hiyo mimi na walimu wawili tukakesha tukizifunika kwa rangi ya kahawia, tunamulikiwa na tochi za simu. Kesho yake watoto wa shule ile walikaa chini ili wangu wakae juu. Hilo sikulifikiria siku ile. Nimelifikiria mara nyingi baadaye.

Wageni walitarajiwa saa tatu, wakafika saa saba mchana. Watoto walikuwa mstarini tangu saa mbili, na binti mmoja wa darasa la nne alidondoka kwa jua na njaa. Tulikuwa na kwaya, ngonjera, vitenge vya kuwavisha wageni na risala ya kurasa nne. Darasani walikaa dakika kumi tu. Mzee mmoja kati yao, fundi seremala mstaafu, alipitisha mkono ubavuni mwa dawati, akauliza kupitia mkalimani, "Haya yote ni ya hapa?" Nikajibu ndiyo. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Alikitazama kidole gumba chake, akakifuta kwa leso, akanishukuru.

Baada ya miezi minne ilikuja barua: wamefurahi kuona hitaji la madawati limetimizwa, hivyo fedha zile zinapelekwa wilaya nyingine. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi. Nyuma yangu watoto walikuwa sakafuni, kwa sababu yale ya kuazima yalirudi kwao asubuhi iliyofuata ziara. Kiongozi yule alihamishwa, wala sikuwahi kumsikia akisema pole. Bado linaniuma, siwezi kuficha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: usiazime. Usiazime dawati, usiazime sare, usiazime watoto wa kujaza mstari. Mgeni hawezi kuchangia shida uliyoifungia stoo.

Mwezi uliopita, shule zilipofunguliwa Julai, tulipata wageni wengine, watu 6, wachangiaji wa mradi wa vyoo. Mwongozo wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20. Mimi nina wasichana 230 na matundu manne. Niliiambia kamati ya shule kwamba safari hii hakuna sherehe, vipindi vinaendelea. Mwenyekiti wa kijiji alipinga: mgeni njoo mwenyeji apone, atapokewaje mikono mitupu? Tukakubaliana uji wa uwele, sufuria ile ile ya watoto, wageni wakinywa pamoja nao. Niliweka mezani daftari la mapato na matumizi. Kisha nikamwomba binti wa darasa la sita awatembeze, mimi nikabaki nyuma.

Walipofika vyooni, mama mmoja wa makamo aliingia kwenye tundu la pili, akavuta mlango. Ukarudi wazi. Akavuta tena, ukarudi. Mlango haukuwa na komeo. Binti akaushika kwa nje, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa huwa tunashikiana." Mkalimani alipotafsiri, mama yule alikaa ndani kimya kwa muda. Alipotoka akaniuliza komeo moja ni shilingi ngapi. Sikujua bei. Mwalimu mkuu, mwanamke, mama wa mabinti wawili, sikujua bei ya komeo.

Makomeo yote manne hayakufika shilingi 15,000. Nimeyanunua jioni ile ile. Yangeweza kununuliwa miaka mingi iliyopita, nami nilikuwa nasubiri mradi. Walimu wenzangu, tuacheni kusubiri mgeni kwa jambo ambalo liko ndani ya uwezo wetu! Mgeni akikuta umefanya lako, anaona pa kuongezea lake.

Wiki iliyopita tumepata jibu: matundu manane mapya, na chumba cha kujistiri chenye maji kwa mabinti walio hedhini. Nimeisoma barua hiyo mstarini, kwa sauti, na nimejivunia.

Mengine kwa ufupi. Watoto wasisimamishwe juani. Wageni wakichelewa, masomo yaendelee. Picha zipigwe kwa ridhaa ya wazazi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na hakuna mtoto anayestahili kuambiwa asimame mbele aeleze uyatima wake ili mtu alie. Nanyi mnaokuja kutembelea, zawadi zipitie kwenye kamati ya shule. Pipi zikirushwa uani, mkubwa anampiga mdogo. Ombeni kuona chumba kilichofungwa, kaeni kipindi kizima darasani, na muongozwe na mtoto.

Wageni wale waliniuliza ni shule gani nyingine waifikirie. Nimewatajia ile ya jirani iliyotuazima madawati. Jana nilimpigia simu mwalimu mkuu wa pale kumwambia watafika kwake mwakani, na nikamsihi asipake chochote rangi.