Shangazi nijibu: Mume ameshabuku hibachi ya EPCOT na mimi moyo unakataa

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Columbus, Ohio, kwetu Mombasa. Mwezi wa saba tunaenda Orlando pamoja na mavyaa wangu, anakuja kututembelea kutoka nyumbani na ni mara yake ya kwanza Marekani. Mume wangu kashabuku meza ya watu sita Teppan Edo, ule mgahawa wa hibachi, unapikiwa mbele yako kwenye bamba la chuma, ulioko EPCOT, ile bustani ya Disney yenye mabanda ya nchi mbalimbali, upande wa Japani, saa moja na nusu usiku, kwa sababu mkubwa wetu wa miaka 12 anaangalia video za hibachi mchana kutwa na ameshaahidiwa. Mimi sina amani. Wa kati ana miaka 8 na ana aleji ya kamba wa baharini, mwaka jana alivimba midomo tukakimbizana hospitali usiku, sasa ana sindano yake ya dharura. Mdogo ana miaka 4, kelele na moto vyote anaogopa, puto likipasuka analia nusu saa. Mavyaa hali nyama isiyokuwa halali na magoti yanamsumbua. Nikimwambia mume wangu anasema kila raha lazima nitafute kasoro, na juzi akatamka mbele ya watoto kuwa mama ndo hataki twende. Sasa mkubwa hanisemeshi. Je, mahali hapo patatufaa au nikubali tu yaishe? – Mama Watatu, Columbus"

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na jibu maana najua ndilo unalolitaka: nyinyi sita wote kwenye meza moja ya hibachi, usiku ule, hapana. Ila mkubwa wako bado anaweza kupata alichoahidiwa, na safari haiharibiki, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamuonyesha mume wako hiyo sentensi, ukimsomea hiyo peke yake mtagombana upya.

Mgahawa wenyewe sina ubaya nao. Uko ghorofani juu ya duka la Mitsukoshi, na Mitsukoshi ni kampuni ya Kijapani ambayo biashara yake ilianza 1673, ndio wanaoendesha pale. Banda la Japani lipo tangu EPCOT inafunguliwa 1982 na mgahawa umeitwa Teppan Edo tangu 2007. Watu wanaenda, wanafurahi, wanarudi. Swali lako ni kama unawafaa nyinyi, na jibu la hilo liko kwenye lile bamba la chuma.

Meza zake ni za watu wanane waliozunguka bamba la moto, shefu kasimama mbele yenu. Nyinyi ni sita, kwa hiyo kuna nafasi mbili wanakaa wageni msiowajua. Sasa muangalie shefu mikono yake: anamwaga mafuta, anatandaza vitunguu na mboga, anakatakata huku anagonga mwiko wa chuma kwenye bamba, pembeni anaweka steki ya huyu, kuku wa yule, na kamba wa yule mgeni wa mwisho aliyeagiza kamba, mwiko ni ule ule unapita kote, mafuta yanatembea, anakwangua anaendelea, na mvuke wote unapanda pale pale mbele ya nyuso zenu. Mwanao akikaa hapo sio mpaka ale kamba ndo adhurike. Mwiko uliogusa kamba ukigusa mboga zake yatosha, na wapo watu wenye aleji kali ambao hata mvuke wa kamba wakipikwa unawabana kifua. Sijui mwanao yuko kiwango gani, hilo daktari wake wa aleji ndiye wa kukwambia, na ni swali la kumuuliza hivi hivi, kwa maneno haya: mtoto anaweza kukaa mita moja na mahali kamba wanapopikwa au hawezi? Usimuulize tu kama anaweza kwenda restoranti, atakwambia ndio muende na sindano.

Watu wa Disney wako makini na mambo ya aleji, hilo niseme wazi. Ukibuku unaandika aleji, na ukifika unaomba kuongea na shefu, na mara nyingi chakula cha mwenye aleji kinaweza kupikwa jikoni mbali na bamba. Lakini hata chakula chake kikitoka jikoni kisafi kabisa, bado huwezi kuwakataza wale wageni wawili kuagiza kamba, wamelipa pesa yao na hawana kosa. Hapo ndipo mimi nilipokwama, na ndipo nataka mume wako naye akwame kidogo afikirie.

Alafu kuna mavyaa. Mwanangu nadhani hujaliona hili: mavyaa wako hali nyama isiyo halali, kwa hiyo kwenye menyu ya pale kitakachombakia ni mboga, tofu, au vitu vya baharini, na mtu wa Mombasa umempa vitu vya baharini achague, atachagua nini kama sio kamba? Yaani chakula kinachomfaa bibi ndicho kinachomdhuru mjukuu, kwenye bamba moja, watu wamekaa bega kwa bega. Na hata akichukua mboga tupu, zinapikwa ubavuni mwa steki ya jirani, na sosi nyingi za Kijapani zina mirin au sake ndani, zote ni pombe. Wapo wasiojali, wapo ambao hawatatia kitu mdomoni wakishaliona lile bamba. Mama wa watu atakula wali mweupe kwa adabu, atasema ashiba, na usiku huo atalala na njaa hotelini. Wewe unamjua zaidi yangu, lakini kwenye barua yako yote sikuona mahali umeandika kwamba kuna mtu amemuuliza. Mmegombana juu yake wiki nzima na yeye hana habari! Mpigieni simu, mume wako ampigie, ni mamake, amueleze vizuri: mama kuna mahali nyama inapikwa mbele yako, nyama sio halali, chuma ni kimoja kwa wote, wewe waonaje? Huenda akasema mimi nipelekeni nikaone tu, maana kupikiwa mbele ya macho sio ajabu kwetu, mishkaki ya barabarani tumeisubiri hivyo hivyo na moshi unatuingia machoni. Au aseme hapana, na mtu mzima akisema hapana kwa mdomo wake mwenyewe hakuna tena wa kukulaumu wewe.

Huyu wa miaka 4 nitampitia haraka. Kuna kugonga vyuma, kuna bamba la moto, kuna mnara wa vitunguu unaofuka moshi, kuna watu wanane wanapiga makofi, na mkao wenyewe ni saa nzima au zaidi. Wapo watoto wa umri huo wanaocheka mpaka mwisho. Anayelia nusu saa kwa puto hayumo, na mnajua tayari nani atabeba mtoto akatoke nje.

Ila saa mliyochukua ndo imenishangaza zaidi. Saa moja na nusu usiku, mwezi wa saba, baada ya kutwa nzima kwenye jua la Florida na unyevu wake. Japani iko ule upande wa mbali wa ziwa la EPCOT, katikati ya banda la Marekani na la Moroko, na kuzunguka mabanda yote ni karibu kilomita 2, hiyo bado hujahesabu kutoka geti la mbele. Mtu wa magoti mchukulieni kiti cha magurudumu pale mlangoni asubuhi, msisubiri achoke ndo mkitafute, siku nyingine vinaisha. Na jua la Orlando mwezi huo linazama karibu saa mbili na nusu, kwa hiyo maghribi itawakuta katikati ya kula, mikono ina mafuta, mgeni wa pembeni anaagiza bia. Msafiri ana ruhusa zake, najua, lakini muulizeni pia hilo. Saa tatu kwa kawaida fataki zinaanza ziwani, na Japani iko ukingoni mwa ziwa. Huyo mdogo mnampeleka wapi?

Pesa sitakaa sana maana hujalalamika, ila hesabu muijue. Disney mtoto ni miaka 3 mpaka 9, kwa hiyo wa miaka 12 analipa kama mtu mzima kwenye tiketi na kwenye sahani. Mna watu wazima wanne na watoto wawili. Tuseme tu mtu mzima dola 40 na mtoto dola 18, bei halisi muangalie kwenye menyu yao, hiyo ni 196, weka kodi ya mauzo ya pale asilimia 6.5, weka bakshishi asilimia 18, mmefika kama dola 244 bila kinywaji. Kulipa hivyo kwa watu sita wakati wawili tu ndio watakaokula kwa raha, mimi roho inaniuma kwa niaba yenu.

Sasa mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Hiyo rizavesheni ya sita ibadilisheni iwe ya wawili, baba na mkubwa wake, na iwe mchana. Meza za Disney zinafunguliwa siku 60 kabla na za watu wawili hupatikana kirahisi kuliko za sita, tena watu hufuta kila siku, kwa hiyo mume wako achungulie kwenye apu ya Disney asubuhi na jioni. Msiiache tu ile ya zamani ikae mkadhani itajifuta, kawaida msipotokea wanakata dola 10 kwa kila kichwa kwenye kadi, hiyo ni 60 imeenda bure. Mchana jua likiwa kali, hao wawili wako ndani kwenye AC wanaangalia shefu, na mtoto wa miaka 12 kukaa na babake peke yake saa nzima bila wadogo kumvuta shati, niamini, hicho atakikumbuka kuliko hata hizo video. Watoto wa akina baba wanaofanya kazi masaa mengi huko Marekani hawapati hiyo nafasi mara nyingi.

Wewe, mavyaa na wawili wadogo hamkai kusubiri kama mliofukuzwa. Hapo hapo banda la Japani kuna Katsura Grill, unaagiza dirishani kila mtu sahani yake, mnakaa kwa utulivu pembeni ya bustani. Uliza na hapo kuhusu kamba, usifikirie tu kwamba hakuna, lakini angalau hakuna anayempikia mwanao kamba mbele ya pua. Bustanini kuna mabwawa ya wale samaki wa rangi, koi, mdogo wako atawaangalia mpaka umuite. Chakula cha mavyaa bebeni. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chenu, chupa za gilasi na pombe ndo hawataki, kwa hiyo chapati na kuku wenu wa halali mnaingia nao bila kujificha. Bibi akila chapati zake chini ya mti huku anaangalia lile geti jekundu la Kijapani lililo majini, hajakosa Japani. Alafu nyote mkutane kwenye duka la Mitsukoshi, kila mtoto achague kitu kimoja.

Mume wako akija kukwambia familia haigawanyiki kwenye likizo, mjibu kwamba saa moja tu, na kwamba usiku mtakula wote pamoja mahali ambapo kila mmoja ana cha kula.

Na hili la kusemwa mbele ya watoto. Mume wako hapo amekosea na nataka alisome hili kama atasoma: ukimwambia mtoto mama ndo hataki, umemuweka mtoto kuwa hakimu kati yenu, na mtoto wa miaka 12 anahukumu vikali. Lakini nawe mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, umenitajia kelele, magoti, nyama, moto, aleji, vyote kwa uzito mmoja, na kama ndivyo ulivyomwambia yeye basi alisikia orodha ya malalamiko na aleji ikapotea humo ndani. Safari hii anza na aleji peke yake. Watoto wakishalala, mwambie: ile usiku ya hospitali nilikuwa naogopa, na bado naogopa, na pale kamba wanapikwa mbele ya uso wake. Basi unyamaze. Mambo ya mdogo na magoti yaje baadaye, akishakusikia hilo. Sidhani kama ni mtu mbaya, mtu aliyemleta mamake kutoka Mombasa akataka kumuonyesha kitu kizuri ana moyo, kashikwa tu na ahadi aliyoitoa kwa mtoto.

Mkikubaliana, mkubwa aambiwe na baba yake, sio na wewe. Na aambiwe sababu ya kweli, kwamba ni kwa ajili ya mdogo wake asije akashindwa kupumua. Miaka 12 analielewa hilo vizuri, alikuwepo usiku ule.

Kama daktari atasema mvuke hauna tatizo kwake, na mavyaa akasema anataka kwenda, na mume wako bado anataka sita, basi angalau hamisheni iwe mchana, pigeni simu mgahawani mapema muongee na mtu kuhusu kamba na nyama, mkifika mkumbushe tena kabla hamjakaa, na muombe mtoto akae ile kona ya mbali na wageni. Wewe ukae kando yake. Sindano ziwe mbili kama daktari atakuandikia mbili, ziwe kwenye mkoba ulio begani kwako, zisiachwe kwenye gari maana joto la Florida linaziharibu, na mume wako naye ajue kuzitumia. Mfanye mazoezi na ile sindano ya majaribio nyumbani kabla hamjasafiri.