Fremu ya mbao za mlango kwenye mchoro wa Irma Stern: niitoe au niiache?

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumbani kwetu Unguja kuna mchoro wa rangi ya mafuta alioacha marehemu babu: mzee wa kilemba, rangi nzito nzito, na fremu ya mbao za kuchonga kama za mlango. Mgeni mmoja alisema unafanana na kazi za Irma Stern. Fremu imetobolewa na bungua, na fundi ananishauri niitupe, niweke ya aluminiamu yenye kioo. Nifanyeje? Na nitajuaje kama kweli ni wa huyo Stern?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Mwambie fundi asubiri. Fremu hiyo usiitupe, iwe ni ya Stern au si ya Stern.

Nianze na mama mwenyewe, maana ukimjua utaelewa kwa nini fremu ina uzito. Irma Stern alizaliwa mwaka 1894 huko Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Afrika Kusini, na wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Kijerumani. Uchoraji alisomea Ujerumani, akawa karibu na Max Pechstein, mmoja wa wale waliopaka rangi kali bila kujali kama uso wa binadamu kweli una kijani. Alipofanya maonyesho yake ya kwanza Cape Town mwaka 1922, watu walichukizwa mpaka polisi wakaja kuchunguza kama picha zile zinakiuka maadili. Baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933, Ujerumani aliyoizoea ikawa imemfungia mlango, naye akageuzia safari zake Afrika: Senegali, Kongo, na Zanzibar mara mbili, mwaka 1939 na 1945.

Hapo Unguja alipata nyuso za kuchora, na akapata mbao. Vipande vya milango ya zamani ya kuchonga vilikatwa, vikaungwa kuwa fremu za michoro yake. Ndiyo maana mpaka leo, mchoro wake wa Zanzibar ukipelekwa mnadani, katalogi haikosi kutaja kama fremu ni ile ya awali. Ukiitoa umepunguza kazi yenyewe, na bei pia.

Sasa chukua tochi, simama kwenye pembe ya fremu yako. Mbao iliyochongwa kwa ajili ya mlango, mchongo wake ulikusudiwa kupanda kwenda juu. Ikikatwa mshazari ili ikunje pembe, waridi hubaki nusu na mnyororo hukatika pete. Fremu iliyochongwa tangu mwanzo kwa ajili ya picha huwa na mchongo uliopangwa ukafika pembeni mzima. Ukiona pete iliyokatika, una mbao ya mlango. Hilo tu, lakini: halithibitishi mchoraji, maana mbao kuukuu mtu yeyote anaweza kuinunua na kuitengenezea picha aliyoichora juzi.

Kuhusu bungua, jua kwanza kama yupo au alishahama. Tandika karatasi nyeupe chini ya fremu, iache mwezi mzima. Ukikuta unga mpya, mweupe-mweupe, bado anakula. Usipulize dawa ya wadudu wala usipake mafuta ya taa; vyote hivyo hutambaa mpaka kwenye rangi. Mpe mtu anayejua autoe mchoro kwenye fremu, kisha fremu peke yake ifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa na ikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, usifungue plastiki mpaka kesho yake, mbao isije ikalowa kwa jasho la baridi. Mchoro wenyewe usiingie kwenye friza kabisa. Na kama fremu ina rangi ya dhahabu au plasta juu ya mbao, usiigandishe, niulize kwanza.

Kioo sikishauri. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka kama nguo kwenye kamba; mafuta yenyewe hushika hewa na kugeuka kuwa kigumu, kuanzia juu kwenda ndani. Palipopakwa nene, ngozi hutangulia kukauka huku tumboni bado laini kwa miaka mingi. Stern alikuwa mtu wa kupaka nene na upesi, mtu akiwa ameketi mbele yake. Ukibana rangi ya namna hiyo nyuma ya kioo kwenye unyevu wa Mji Mkongwe, kioo kikaigusa, itanata. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Mkate, kiazi, kitambaa chenye maji, hapana. Mteja mmoja aliwahi kuniletea picha "iliyosafishwa" kwa kiazi, na wanga ulikuwa umeota ukungu kwenye kila mkunjo wa rangi.

Usiitundike ukuta wa nje, na weka vipande viwili vya kizibo nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Kuta za mawe na chokaa hunywa maji.

Kuhusu ni ya nani: mara nyingi Stern aliweka sahihi na mwaka mbele ya mchoro. Mwaka ukiwa si 1939 wala 1945, na picha inasemekana ni ya Unguja, anza kuwa na shaka. Zaidi ya hapo, habari iko mgongoni, kwenye vibandiko vya maonyesho, mihuri, misumari na mwandiko.

Wala usidharau hadithi ya mgeni wako. Mchoro wake wa mwaka 1939 wa Mwarabu aliyevaa nyeusi uligunduliwa kwenye fleti moja London, jikoni, ukitumika kubandikia barua na bili. Miaka ya 1950 ulikuwa umetolewa ili uuzwe kuchangia utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini. Mwaka 2015 uliuzwa pauni 842,500. Mwingine wa mwaka 1945, mzee wa ndevu na kilemba, ulipita pauni milioni 3 mnadani London mwaka 2011 na kuchukuliwa na Qatar. Umepewa jina la "Kasisi Mwarabu", na mtu wa Unguja lazima acheke, maana Uislamu hauna kasisi. Lakini jina la mzee mwenyewe halikuandikwa, kama ambavyo la mchongaji wa mbao halikuandikwa. Hilo ndilo linaloniudhi katika kazi za mama huyu, pamoja na kwamba mkono wake naupenda sana.

Nitumie picha za mgongo wa mchoro, mwanga ukitoka ubavuni, na za pembe zote 4 za fremu. Na tafadhali usipanguse vumbi la mgongoni kabla ya kupiga. Waulize pia wakubwa hapo nyumbani kama wanamjua huyo mzee wa kilemba.