Barua kwa mwanangu: tiketi mbili za mwaka 2012

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma ndani ya basi, nikausoma tena jikoni, nikaona jibu lake haliingii kwenye simu. Unasema wenzako kazini huko Glasgow, wale mashabiki wa timu kubwa ya mpira ya Rangers, wamekuandama kwamba mwaka 2012 sisi wa timu ndogo tuliwazamisha kwa wivu, na leo wao wamesharudi juu, sisi tuko palepale. Hilo peke yake ningelijibu kwa mistari miwili. Ila chini yake ukatia la kwako: "Mama, mwaka ule uliniambia hakuna hela ya safari ya shule ya Ufaransa, halafu mwezi uleule ukanunua tiketi mbili za msimu za Raith Rovers. Kwa nini?"

Kumbe miaka yote hiyo umekaa nalo. Basi nikwambie, maana lao na lako ni jambo moja, ila wewe nilikuficha nusu yake.

Rangers hawakuzamishwa na mtu wa mji wetu huu wa Kirkcaldy. Mei 2011 mmiliki wao, David Murray, aliiuza klabu kwa mfanyabiashara Craig Whyte kwa pauni moja. Pauni moja, ambayo hata pai ya uwanjani hupati. Deni la benki alilolichukua Whyte alililipa kwa fedha za kampuni ya Ticketus, iliyouziwa tiketi za misimu ambayo haijachezwa bado. Yaani mtu amenunua nyumba kwa kodi ya wapangaji ambao hawajahamia. Halafu kodi ya serikali iliyokatwa kwenye mishahara ikawa haipelekwi inakotakiwa. Tarehe 14 Februari 2012 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 10. Juni mamlaka ya kodi ikakataa kupokea kile kidogo walichokuwa wakipewa wadai, kampuni ikaenda kwa wafilisi, na mali zake, uwanja wa Ibrox ukiwemo, zikanunuliwa na kundi la Charles Green kwa pauni milioni 5.5. Sasa kama klabu yenyewe ilikufa au ilikufa kampuni tu, usibishane na wenzako. Ubishi huo hauna mwisho, na wewe unataka kula chakula cha mchana kwa amani.

Ile orodha ya wadai wao ilitoka magazetini. Walikuwa zaidi ya 270. Watu waliangalia mamilioni ya serikali na ya Ticketus, mimi nikashuka na kidole mpaka chini. Kulikuwa na huduma ya magari ya wagonjwa ya Uskoti, inadai zaidi ya pauni 8,000. Kulikuwa na mtu wa duka la magazeti. Na kulikuwa na mchora nyuso za watoto, wale wanaokupaka sura ya chui kwenye sherehe, anadai pauni 40.

Nilikaa na hizo pauni 40 muda mrefu. Na hapa ndipo penye ile nusu niliyokuficha.

Masika yale wakala niliyekuwa nafanyia kazi, wa kupeleka walezi kwenye nyumba za wazee, alifunga ofisi. Alikuwa na wiki sita zangu. Wiki sita za zamu za usiku, unakumbuka nilivyokuwa narudi wewe ukitoka kwenda shule. Karatasini sikuwa mwajiriwa wake, nilihesabiwa mtu anayejitegemea, kwa hiyo hata ule mfuko wa serikali wa kuwafidia wafanyakazi wa kampuni zilizofilisika haukunihusu. Nikaletewa barua kwamba mimi ni "mdai asiye na dhamana", na jina langu liko kwenye orodha kama ile ile, katikati ya fundi bomba na duka la karatasi. Hela ya Ufaransa ilikuwa humo. Sikukwambia, maana ulikuwa na miaka 13 na ungeacha kula ili tubane matumizi. Nakujua.

Basi Julai ikaja na kura. Kwanza, tarehe 4, klabu za ligi kuu zilikataa kuwarudisha Rangers wapya moja kwa moja, kura 10 dhidi ya moja, Kilmarnock wakijizuia kupiga kura. Mashabiki walikuwa wamewaambia wenyeviti wao waziwazi: mkiwarudisha, tiketi za msimu hatukati. Wakubwa wa mpira wakageukia klabu 30 za madaraja ya chini: basi wapokeeni nyinyi, tena daraja la kwanza, lile la chini ya ligi kuu, wasianzie la tatu. Tukatishiwa kwamba wakianzia chini, mpira wa Uskoti utakufa kifo cha polepole.

Sasa waulize wenzako swali hili. Raith Rovers tulikuwa daraja gani? Daraja la kwanza. Rangers wangewekwa daraja letu! Wangekuja uwanjani kwetu Stark's Park na maelfu yao, uwanja ujae, televisheni ije, pai ziishe kabla ya mapumziko. Sisi ambao siku njema ni watu elfu mbili hivi, na abiria wa treni wanaochungulia wakipita nyuma ya jukwaa. Mwenye wivu au mwenye njaa angesema ndiyo kabla hajamaliza kuulizwa. Mwenyekiti wetu, Turnbull Hutton, mzee aliyestaafu kwenye biashara ya wiski, alisimama kwenye ngazi za Hampden, makao ya mpira wa Uskoti, mbele ya kamera akasema tunaonewa, tunatishwa na tunadanganywa, na kwamba huo si mpira anaoujua yeye. Hakuwa na karatasi mkononi. Alikuwa na ile sauti ya mtu aliyekatiwa foleni.

Tarehe 13 Julai klabu 25 kati ya 30 zikapiga kura Rangers waanzie daraja la tatu, la mwisho kabisa.

Jioni ile nilikuwa napiga pasi nikamwona yule mzee kwenye taarifa ya habari, wamerudia maneno yake. Mwanangu, miezi mitatu nilikuwa nimewapigia simu wafilisi wangu, nikijibiwa na wasichana wapole wasiojua lolote. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera akasema kwamba anayekula hela za watu aende akapange foleni kama wengine. Na mtu wa kwanza kusema hivyo ni mwenyekiti wa katimu ka mtaani kwangu, tena akijua anajikatia riziki mwenyewe. Asubuhi nikashuka mpaka uwanjani nikakata tiketi mbili, kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Hizo mwezi kwa mwezi hazikufika hata robo ya safari yako, hilo nalo ulijue, lakini sitajitetea zaidi ya hapo. Nilikuwa na hasira, na ile ndiyo kura pekee niliyokuwa nayo.

Wakati ule watu wa nyumbani walinicheka. Mjomba wako aliniuliza, dada, umefika mpaka Ulaya ukachagua timu isiyojulikana? Nikamwambia sisi si tumekulia Tanga? Tanga kila mtu ana Simba au Yanga yake ya Dar, lakini Mkwakwani unakwenda kwa ajili ya Coastal Union, na mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa nchi na wewe mjomba ulilia barabara ya kumi na mbili nzima ikikuona. Akanyamaza. Uskoti nao wana Simba na Yanga yao, Celtic na Rangers, na mji kama Kirkcaldy unakaa katikati ya hiyo kelele na kitimu chake. Hata jina lenyewe wageni hawalielewi. Wanatafuta mji unaoitwa Raith kwenye ramani, haupo.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa mtakatifu. Nilifurahi. Mechi yao ya kwanza daraja la tatu waliicheza Peterhead, mji wa wavuvi, wakaponea kwa sare ya 2-2 dakika za mwisho. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Oktoba wakafungwa 1-0 na Stirling Albion waliokuwa wakiburuza mkia, siku ambayo kocha wa Stirling hakuwepo uwanjani kwa sababu alikuwa anaoa. Hiyo nimeisimulia harusi ngapi! Ila kuna kitu hatukukitegemea: mashabiki wao hawakuondoka. Ibrox walijaa watu zaidi ya 49,000 kuiangalia East Stirlingshire, daraja la nne kutoka juu. Ukitaka kuwaheshimu wenzako wa kazini, waheshimu kwa hilo, wanalistahili.

Kicheko changu kilikatika Aprili 2013. Zamu hii waliowekwa chini ya wasimamizi walikuwa Dunfermline, watani wetu hasa, maili chache tu kutoka hapa. Rangers kwetu ni wakubwa wa mbali, lakini Dunfermline ndio tunaotupiana nao maneno kwenye foleni ya posta. Walishamaliza miezi wachezaji wakilipwa nusu mishahara au wasilipwe. Wakakatwa pointi 15, wakashuka. Na kwenye ile orodha ya waliodai Rangers, Dunfermline walikuwemo, hela za tiketi.

Wakati huo nimeshaingia kazi ya hospitali, na wodini kwetu kulikuwa na dada mmoja wa usafi, mtu wa Dunfermline damu. Kila tukiwafunga nilikuwa namletea sambusa moja, moja tu, nimeifunga kwenye karatasi kama tuzo. Wiki ile nilikwenda na dishi zima. Akalitazama, akasema, "Hizi za kunizika?" Nikashindwa cha kusema. Alikuwa amebeba ndoo ndogo ya plastiki anachangisha wodi kwa wodi ili klabu ifike mwisho wa msimu, na mimi shabiki wa Raith nikatia noti. Nimekuficha na hili pia. Oktoba mashabiki wao waliichukua klabu mikononi mwao, na msimu uliofuata tukaanza tena kutukanana bila kinyongo.

Sisi wenyewe tulishapita huko. Mwaka 2004 alikuja kaka yake yule mchezaji wa Ufaransa Nicolas Anelka, Claude, na fedha zake, akapewa na ukocha, na miezi michache ikatosha kutuharibia msimu wote. Mwaka 2005 klabu ilinusurika kwa michango ya watu wa mji, Gordon Brown akiwemo, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza na shabiki wetu tangu utotoni. Na aibu yetu ya Februari 2022 unaikumbuka, waliposajili mchezaji ambaye mahakama ya madai ilishaamua kwamba alibaka. Mwandishi Val McDermid akaondoa udhamini wake, nahodha wa timu ya wanawake akaondoka, na mimi skafu yangu ikaingia kabatini mpaka klabu ilipoomba radhi na kusema hatacheza. Mzee Hutton hakuyaona hayo, alikwishafariki. Naamini angesimama tena kwenye ngazi, safari hii za kwetu.

Lakini wewe unachokitaka ni ile Aprili nyingine, 2014. Tarehe 6, Easter Road, Edinburgh, fainali ya Kombe la Chalenji la Uskoti, la klabu za madaraja ya chini. Rangers walikuwa hawajafungwa hata mechi moja ya ligi msimu ule. Watu karibu 20,000, wengi wao wa kwao. Ulikuwa umevaa koti langu kwa sababu lako lilikuwa fupi. Dakika 90 bila bao. Muda wa nyongeza nao ukawa unakwisha, na yule mzee wa kiti cha mbele yetu, aliyefanya kazi kiwanda cha linoleamu na aliyekuwa akila sambusa zangu kila Jumamosi akiziita pai za pembetatu, alishafunika uso na kofia akingoja matuta. Dakika ya 117 John Baird akaiweka wavuni. Yule mzee hakuona. Wewe ndiye uliyemvua kofia.

Tangu pale wao wamerudi ligi kuu 2016, wamechukua ubingwa 2021, wamecheza fainali ya Ulaya mjini Sevilla 2022. Sisi tumeshuka, tumepanda, na mwaka 2024 tulifika mlangoni kabisa mwa ligi kuu, Ross County wakatufungia nje. Kwa hiyo wenzako wana haki wakisema tuko palepale. Wajibu kwamba palepale pana nafasi ya kukaa, na choo hakina foleni.

La Ufaransa ndilo limenikaa kooni tangu juzi. Wafilisi wangu walimaliza kazi yao mwaka 2015 na kuniletea hundi ya pauni 11 na senti 60. Niliiweka benki nikanunua mchele. Lakini kwenye orodha yangu mimi wewe bado umo, mdai asiye na dhamana, na hujalipwa hata senti. Angalia lini una likizo mwezi wa tano. Treni ya kutoka London mpaka Paris nimeshauliza bei, ya watu wawili. Usije na skafu ya timu yoyote, tusije tukatafuta ugomvi kwa watu.

Mama yako.